Kerneli Imepona. Rauta Yenu Je?

Piga hesabu kidogo. Jumanne ya tarehe 19 Januari 2038, utakuwa na miaka mingapi? Wengi wenu mtakuwa mmegonga thelathini ama mnaikaribia. Utakuwa na kazi, labda na mtoto, na mkopo karibu hakika.

Sasa asubuhi hiyo, ikifika saa 12:14 na sekunde 7 kwa saa zetu, kuna vifaa ambavyo hesabu yao ya muda itajaa pomoni. Sekunde inayofuata vitaamini kabisa kwamba ni tarehe 13 Desemba 1901. Yaani mwaka ambao reli ya kutoka Mombasa ndio ilikuwa inafika Kisumu. Na hata havitakuwa vimeharibika. Vitakuwa vinahesabu tu vile vilifunzwa kuhesabu.

Watu wa kompyuta wanaiita Y2038. Na kila nikiitaja, kuna msee lazima aseme, "Hiyo si ilishatatuliwa? Kerneli ya Linux ilirekebishwa kitambo." Ni kweli, ilirekebishwa, na nitawaeleza vile ilirekebishwa kwa sababu ni kazi inayostahili heshima. Lakini dawa kuwa kwa duka la dawa na dawa kuwa mwilini ni vitu viwili tofauti. Kwa maoni yangu, shida iliyobaki si ya hesabu tena. Iliyobaki ni nani atafikisha hiyo dawa kwa vifaa tunavyonunua sisi, vile vya bei ya chini, ambavyo vikishauzwa havina mwenyewe.

Tuanze na hesabu. Haina ugumu.

Kompyuta haijui Jumanne ni nini. Haijui Krismasi wala mwisho wa mwezi. Mifumo iliyotoka kwa ukoo wa Unix, na hapo weka Linux na Android, inahesabu sekunde tu tangu usiku wa kuingia tarehe 1 Januari 1970, saa za Greenwich. Tarehe unayoiona kwa kioo cha simu ni hiyo hesabu ikiwa imetafsiriwa ili wewe uielewe.

Hiyo hesabu lazima iwekwe mahali. Wakati Unix inatengenezwa kule Bell Labs, Marekani, kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali ajabu, kwa hivyo kila nafasi ilibaniwa. Muda ukaja kupewa nafasi ya biti 32. Biti moja inaonyesha kama nambari ni chanya ama hasi, zinabaki 31 za kuhesabia. Ukijaza hizo 31 zote unapata 2,147,483,647. Hapo ndio mwisho. Ukiongeza moja, ile biti ya kwanza inageuka na nambari inakuwa hasi, tena hasi kubwa kuliko zote. Sekunde hasi maana yake ni kabla ya 1970, na ukirudi nyuma kiasi hicho unajikuta 1901.

Fikiria ile mita ya kilomita ya matatu ya zamani ikifika 999999 halafu irudi sufuri. Tofauti ni kwamba hii hairudi sufuri, inarudi nyuma ya sufuri.

Kama hiyo nambari unaona umeisikia mahali, ni kweli. Desemba 2014, video ya Gangnam Style ilipita watazamaji 2,147,483,647, na YouTube wakatangaza kwamba imewabidi waongeze nafasi ya kuhesabia. Nambari ni ileile, ukuta ni uleule. Tofauti ni kwamba hesabu ya watazamaji ikijaa tunacheka. Hesabu ya muda ikijaa hakuna kucheka.

Kwa nini? Kwa sababu muda umeshikilia kila kitu. Kerneli ni ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, inayoongea na chipu, kumbukumbu na diski kwa niaba ya programu zote. Ukihifadhi faili, kerneli inaigonga muhuri wa wakati: imeundwa lini, imebadilishwa lini, imesomwa lini. Programu ya kuweka nakala inaangalia huo muhuri ili ijue ni faili gani mpya. Kamera ya CCTV inautumia kupanga rekodi na kujua ni gani ya zamani ya kufutwa. Simu yako ikifungua tovuti ya benki, inaangalia cheti cha hiyo tovuti kinaanza lini na kinaisha lini. Kifaa kikiamini ni 1901, kila cheti duniani kinaonekana hakijaanza kazi, kwa hivyo kinakataa kuunganisha. Intaneti ipo, bando ipo, lakini hakuna kitu kinafunguka.

Sasa, marekebisho. Kwa maneno, dawa ni rahisi: badala ya biti 32, tumia 64. Hapo muda utakutosha miaka kama bilioni 292, jua letu litazima kabla hujaimaliza. Lakini kubadilisha nafasi ya nambari moja ndani ya mfumo ambao programu zote duniani zinauegemea ni kama kubadilisha msingi wa jengo na wapangaji bado wako ndani wanapika chapati.

Wale wa OpenBSD waliamua kung'oa mara moja. Toleo lao la 5.5, Mei 2014, lilihamia biti 64 kwa mashine zote, na programu za zamani zikajengwa upya. Wao wanaweza, kwa sababu kerneli na programu za msingi wanazitunza pamoja, nyumba moja.

Linux haina hiyo nafasi. Kule kuna sheria ambayo Linus Torvalds anaishikilia kwa ukali: kerneli mpya haitakiwi kuvunja programu iliyokuwa inafanya kazi jana. Kwa hivyo walifanya kazi ya mchwa. Arnd Bergmann, mmoja wa watunzaji wa kerneli, alisukuma hii kitu miaka mingi. Pamoja naye alikuwepo Deepa Dinamani, ambaye aliingia kupitia Outreachy, mpango wa mafunzo kazini wa kuleta kwa programu huria watu ambao kawaida hawapati nafasi huko. Yeye ndiye alishika sehemu ngumu ya mihuri ya faili. Yaani mtu aliyeingia kama mwanafunzi wa kazi, akabadilisha vile mfumo unaoendesha sehemu kubwa ya dunia unavyoandika wakati. Mkiwa kampasi mnaambiwa ati huwezi kugusa vitu kama hivyo mpaka uwe na miaka 20 ya kazi, kumbukeni huyo dada.

Ugumu ulikuwa wapi? Mosi, lazima upitie kila sehemu ya kerneli inayogusa muda, kila dereva, kila mfumo wa faili, uhamishe kwa nafasi mpya bila kuangusha kitu. Mihuri ya faili yenyewe ilihamia biti 64 ndani ya kerneli kwa toleo la 4.18, mwaka wa 2018.

Pili, na hii ndio mimi hunifurahisha zaidi: hata kerneli ikijua kuhesabu mpaka milele, diski haijui. Kila mfumo wa faili umeamua wenyewe utaandika tarehe kwa nafasi gani. Ext3 ya zamani inaishia 2038. Ext4 iliyotengenezwa kwa nafasi ndogo pia inaishia hapo, lakini ile ya kawaida siku hizi inafika 2446. Zamani ukiipa diski tarehe isiyoweza kuandika, nambari ilizunguka kimyakimya na faili yako ikaenda 1901 bila mtu kuambiwa. Tangu toleo la 5.4, la mwaka 2019, kila mfumo wa faili unatangaza mipaka yake, na kerneli ikipewa tarehe iliyopita mpaka inaikatia pale mwisho. Faili itaganda 2038 badala ya kurushwa 1901. Na ukiunganisha diski ya aina hiyo, kerneli inakuandikia onyo kwamba mihuri yake itakoma 2038. Si dawa kamili, lakini kuna tofauti kubwa kati ya daktari anayekuambia ugonjwa na anayenyamaza.

Tatu, programu za nje. Toleo la 5.1, Mei 2019, likaongeza milango mipya ambayo programu za mashine za biti 32 zinaweza kutumia kuuliza wakati kwa biti 64. Kazi ya kerneli ikahesabiwa kukamilika kwa toleo la 5.6, lililotoka tarehe 29 Machi 2020. Sisi tulikuwa siku ya tatu ya kafyu ya Korona, tunajifunza kunawa mikono, wenzetu wamefunga hesabu ya 2038.

Lakini soma vizuri hapo: milango *mipya*. Ile ya zamani bado ipo, kwa sababu ya ile sheria ya kutovunja. Programu iliyojengwa kutumia mlango wa zamani itaendelea kuutumia, na 2038 itaanguka hata kama kerneli iliyo chini yake ni mpya kabisa. Lazima maktaba ya msingi nayo ibadilike. Glibc ilileta hiyo nafasi kwa toleo la 2.34, Agosti 2021. Halafu programu zote zijengwe upya juu yake. Debian, ambayo ni kati ya mifumo mikubwa ya Linux, imemaliza kuhamisha programu zake za chipu za ARM za biti 32 kwa toleo la 13, lililotoka Agosti 2025. Hebu ona huo mlolongo: kerneli 2020, maktaba 2021, mfumo mzima 2025. Na hao ni watu wanaojua, wanaojali, na wanaofanya kazi wazi mbele ya dunia.

Sasa nauliza, ile rauta ya WiFi iliyobandikwa kwa ukuta wa kwenu, nani anaifanyia hiyo kazi?

Wacha nilete mfano wa hapa nyumbani, kwa sababu shida ya aina hii Kenya imeshaipitia na wengi hawakujua ni nini. Mnakumbuka 2024, Kenya Power wakitangaza kila mahali ati "Update Token Meter Yako"? Ukinunua tokeni unapata nambari tatu za tarakimu 20, unaingiza mbili za kwanza halafu ndio ile ya stima. Watu mtaani walisema ni kuibiwa, wengine wakasema serikali inaweka kitu kwa mita.

Ilikuwa hesabu imejaa. Mita za tokeni zinahesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi yao ni biti 24. Hiyo inatosha dakika 16,777,216, ambazo ni karibu miaka 32. Zilikuwa ziishe tarehe 24 Novemba 2024, na mita ambayo haikurekebishwa isingekubali tokeni mpya. Ungekuwa na pesa, una tokeni, na uko gizani. Dawa ilikuwa kuhamisha mwanzo wa hesabu kutoka 1993 hadi 2014, na hiyo inatupeleka mpaka Novemba 2045. Na haikuwa Kenya pekee, ni nchi zote zinazotumia mita za mfumo huo.

Ona vile ilifanyika. Mafundi hawakutumwa kila nyumba. Wewe na mamako na mwenye kibanda cha kinyozi mlibonyeza hizo tarakimu kwa vidole vyenu. Siku ikafika, ikapita, na stima ilizima tu vile huzima kila siku.

Iliwezekana kwa sababu moja: mita ina mwenyewe. Kuna kampuni inayojua kila mita iko wapi, ina njia ya kukufikia, na ikikosa kukufikia inapoteza pesa yake.

Rauta ya kununua dukani haina mwenyewe. Kamera ya CCTV ya bei poa haina mwenyewe. Kisanduku cha TV hakina mwenyewe. Kiwanda kilitengeneza, kikachukua kerneli iliyokuwepo wakati huo, kikaigandisha hapo, kikauza, kikahamia modeli nyingine. Vingi vya hivi vinatumia chipu za biti 32 kwa sababu ni za bei rahisi. Ile kazi ya Bergmann na Dinamani iko pale intaneti, bure, lakini hakuna mtu ana ufunguo wa kuiingiza. Hata Android, ukiangalia upande wa programu za biti 32, nafasi ya wakati imebaki biti 32, na dawa waliyochagua ni watu wahamie biti 64. Sawa. Mwenye simu ya bei ya chini kabisa atahamia na nini?

Najua mtakachosema. "2038 ni mbali, hiyo rauta itakuwa imekufa." Kwa nani? Hapa kwetu kitu hakifi. Kinatoka sebuleni kinaenda kwa chumba cha kaka, kinatoka hapo kinapelekwa ushago, kikikataa fundi anakifufua. Na si rauta tu. Kuna lifti, pampu za maji, mashine za maabara, milango ya ofisi ya kufunguliwa na kadi. Hivyo vitu vinanunuliwa vikae miaka 15 ama 20. Kilichofungwa juzi bado kitakuwa kazini 2038.

Halafu shida haingoji 2038 ifike. Programu yoyote inayohesabu mbele inaigonga mapema. Mei 2006 seva zilizotumia AOLserver zilianza kuanguka kwa sababu kuna mtu aliweka muda wa kungoja wa sekunde bilioni moja, na ukijumlisha hapo unavuka 2038. Tarehe 1 Januari 2022, barua pepe zilikwama kwa seva za Microsoft Exchange kwa sababu tarehe ilikuwa inaandikwa kama nambari 2,201,010,001, ambayo ni kubwa kuliko ule ukuta wa 2,147,483,647. Sasa fikiria mkopo wa nyumba wa miaka 15, ama bima, ama mchango wa uzeeni wa kijana aliyeajiriwa leo. Hizo tarehe zote zinavuka ukuta saa hii tunaongea.

Na mwingine atasema, "Mwaka 2000 tulitishwa hivyohivyo na hakuna kitu kilifanyika." Hakuna kitu kilifanyika kwa sababu watu walikesha kurekebisha. Ukiona nyumba haijaungua usimtukane mtu aliyekaa na maji.

Kwa hivyo nataka nini? Vitu vitatu.

Kwanza, kwa sisi wanunuzi. Ukienda dukani, tunauliza kamera ina megapikseli ngapi na betri inakaa siku ngapi. Ongeza maswali mawili: hiki kifaa ni cha biti ngapi, na kitapata masasisho mpaka mwaka gani? Muuzaji akicheka, hilo nalo ni jibu.

Pili, kwa wanaonunua kwa wingi. Shule, Sacco, hospitali, kaunti. Mstari mmoja kwa zabuni unatosha: kifaa kifanye kazi sawa baada ya tarehe 19 Januari 2038, na muuzaji athibitishe. Mamlaka ya Mawasiliano tayari hukagua vifaa vya mawasiliano kabla viidhinishwe kuuzwa hapa. Naona hapo ndipo swali la masasisho lingeingia. Mtu mmoja akiuliza, duka linapuuza. Soko zima likiuliza, kiwanda kinasikia.

Tatu, kwa nyinyi mnaosoma kuandika programu. Hii ni yenu na msiitupie wazee. Wengi mnaanza na MySQL, na ile aina ya safu inaitwa TIMESTAMP inaishia sekunde ileile ya 2038, hata kama seva yako ni ya biti 64. DATETIME inafika mwaka 9999. Ukiandika mfumo wa karo ya shule leo, chagua vizuri. Na jaribu kazi yako: fungua mashine pepe, peleka saa yake mpaka dakika chache kabla ya ukuta, kaa uangalie nini kinavunjika. Lakini usijaribu na simu yako. Mwaka 2016 kuna watu walirudisha tarehe ya iPhone zao mpaka 1 Januari 1970 na simu zikakataa kuwaka.

Leo fanya hii moja. Geuza rauta ya kwenu, soma modeli yake, tafuta kwa tovuti ya waliotengeneza sasisho lake la mwisho lilitoka lini. Kwa simu ya Android, nenda kwa mipangilio, mahali pa kuhusu simu, utaona toleo la kerneli. Kama kifaa ni cha biti 64, kerneli yake haina shida na 2038. Kama ni cha biti 32 na toleo linaanza na 3 ama 4, ile milango mipya haimo. Niandikieni modeli na mwaka wa sasisho la mwisho, nitaziweka zote kwa orodha moja, tuone ni wangapi kati yetu tuna kifaa ambacho dawa yake ipo na hakuna wa kuileta.